Mpangaji wa fremu anapodaiwa kodi ya pango: hatua za kufuata kabla ya kufuli kupigwa na baada yake

Kuna picha ambayo mfanyabiashara yeyote wa Mwanjelwa, Kabwe au Uyole hapa Mbeya, au wa Miyomboni na Mashine Tatu kule Iringa, ameshaiona: mlango wa fremu wenye makufuli mawili, la mpangaji chini na la mwenye fremu juu, na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ikisema kwamba aliyemo anadaiwa kodi. Nimekuwa nikiandika mikataba ya pango na barua za madai kwa pande zote mbili kwa miaka kadhaa, na karibu kila ninapoitwa mbele ya mlango wa namna hiyo nakuta hakuna kati yao anayeweza kutaja deni kwa usahihi. Mwenye fremu ana namba yake kichwani, mpangaji ana yake, na kufuli limepigwa kabla namba hizo hazijakutana kwenye karatasi moja. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: hesabu kwanza, kisha maandishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ufunguo mwisho.

Ninazungumzia fremu, maghala na ofisi za watu binafsi. Vizimba na maduka ndani ya masoko ya halmashauri vina sheria ndogo zake, na anayetaka kuishtaki halmashauri lazima kwanza aipe notisi ya siku 90, kwa hiyo wenye migogoro ya aina hiyo watafute ushauri wa peke yake. Pia nisahihishe jambo ambalo wazee wengi bado wanaliamini, kwamba ipo sheria inayodhibiti viwango vya kodi ya pango. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Leo uhusiano wa mwenye fremu na mpangaji wake unasimamiwa na mkataba wao wenyewe pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika sehemu yake inayohusu upangaji.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi zote

Anza na mkataba. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kufanywa hata kwa mdomo na ukawa halali, lakini mkataba wa mdomo hugeuka kuwa mashindano ya kumbukumbu siku mnapofika mbele ya Baraza. Kama mkataba upo, angalia vipengele vinne: kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, muda wa notisi, na anayebeba gharama za matengenezo. Kisha angalia kama ulilipiwa ushuru wa stempu, ambao kwa mikataba ya pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kuwa kielelezo mpaka ushuru wenyewe na adhabu yake vilipwe, na nimeona shauri likiahirishwa kwa sababu ya shilingi elfu chache ambazo zingelipwa siku ya kusaini.

Hapa lazima niseme waziwazi kuhusu mikataba miwili. Wapo watu wanaoandikishana mkataba mmoja wenye kodi ndogo kwa ajili ya kuupeleka mamlaka ya mapato na kwenye leseni ya biashara, halafu wanakubaliana kwa mdomo, au kwenye karatasi nyingine inayofichwa droo, kodi kubwa zaidi. Mgogoro ukija, mwenye fremu anadai ile kubwa, na mpangaji anatoa karatasi yenye ile ndogo. Sheria ya ushahidi haimruhusu mtu kuupinga mkataba wa maandishi kwa maneno matupu, kwa hiyo mwenye fremu aliyesaini kodi ya laki moja na nusu ili kupunguza kodi ya serikali atapata taabu kubwa kudai laki tatu. Na akitoa ile karatasi ya siri, atakuwa anakiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba aliidanganya mamlaka. Kama umeshaingia katika hali hiyo, mwambie wakili wako ukweli wote kabla hujaandika barua ya kwanza.

Baada ya mkataba, kusanya risiti, taarifa za benki na taarifa za miamala ya simu. Mitandao ya simu hutoa taarifa ya miamala kwa mteja anayeiomba. Omba inayoanzia mwezi wa kwanza wa upangaji, siyo mwezi wa ugomvi tu. Ujumbe mfupi na mazungumzo ya WhatsApp navyo ni ushahidi unaotambuliwa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ilimradi uweze kueleza ulivyotunzwa na ulivyochapishwa, kwa hiyo usiufute wala usibadilishe simu bila kuuhifadhi.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni kujua nani hasa ni mwenye fremu. Majengo mengi ya zamani katika miji yetu yamejengwa na wazee ambao wameshatangulia, na watoto wao watatu au wanne kila mmoja anapita kuchukua kodi kwa zamu au kwa kuwahiana. Mpangaji anayemlipa mtoto mmoja hana kinga iwapo mwingine atakuja na barua ya mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi. Mpangaji aombe nakala ya barua ya usimamizi, ambayo ikitoka Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Namba 4, na kuanzia siku hiyo amlipe msimamizi peke yake. Kwa upande wa familia, mtoto ambaye hajateuliwa kuwa msimamizi asifungue shauri la kumtoa mpangaji wa marehemu, maana ataambiwa hana haki ya kushtaki na muda wote alioutumia utakuwa umepotea.

Hatua ya pili: fanya hesabu kwenye ukurasa mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Chukua karatasi, uigawe safu nne: tarehe, kodi iliyotakiwa, kilicholipwa, na uthibitisho. Usiandike malipo yasiyo na uthibitisho katika safu moja na yenye uthibitisho. Yaweke chini, peke yake, ili yazungumzwe.

Tuchukue mfano wa duka la pembejeo lenye kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi, inayolipwa kwa miezi sita, yaani 1,800,000. Kwa nusu ya kwanza ya mwaka mpangaji alimpa mwenye fremu 1,620,000. Kwa nusu ya pili alituma kwa simu 600,000, kisha 300,000. Mwezi Machi mvua iling'oa mabati mawili, akayarudishia kwa 240,000 baada ya mwenye fremu kumjibu kwa ujumbe, "Weka tu mama, tutakata kwenye kodi." Ilipofika Desemba mwenye fremu alidai 1,080,000, na kwa hesabu ya kichwani hakukosea: pungufu la 180,000 katika nusu ya kwanza na 900,000 katika nusu ya pili.

Lakini ile 180,000 haikuliwa. Ni kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji anayefanya biashara hutakiwa kuikata kwenye pango na kuiwasilisha mamlaka ya mapato kwa jina la mwenye jengo. Kwa kuwa neno "kodi" kwetu linabeba pango na linabeba malipo ya serikali, ugomvi huu hujirudia kila mwaka: mmoja anasema "kodi nimelipa", mwingine anasikia kodi yake, na wote wawili wanasema kweli. Mpangaji akionyesha stakabadhi ya malipo hayo, 180,000 inaondoka kwenye deni, na mwenye fremu anaitumia stakabadhi hiyohiyo kupunguziwa kodi yake ya mapato. Tukiondoa pia 240,000 ya mabati, kwa sababu ruhusa ipo kwa maandishi, deni halisi ni 660,000. Asiye na stakabadhi ya mamlaka wala ujumbe wa ruhusa atadaiwa 1,080,000 yote, na sioni namna ya kumsaidia.

Hatua ya tatu: zungumzeni, kisha muandikishane

Mkiwa na ukurasa huo mezani, mazungumzo hubadilika. Mkutane kwa mtendaji wa mtaa au mahali pengine penye utulivu, msikutane dukani mbele ya wateja, kwa sababu mtu aliyeaibishwa mbele ya wateja wake hatafuti tena suluhu bali hutafuta heshima yake.

Mpango wa kulipa deni ufuate msimu wa biashara yenyewe. Katika nyanda hizi za juu mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka, na muuza mbegu na mbolea hupata fedha wakulima wanapopanda. Mnunuzi wa mpunga wa Usangu au Kyela hupata fedha katikati ya mwaka, baada ya mavuno. Kumwekea muuza pembejeo tarehe ya mwisho mwezi Agosti ni kuandika ahadi ambayo wote mnajua itavunjwa. Makubaliano yataje deni lote, kiasi cha kila awamu, tarehe zake, kitakachofuata awamu moja ikikosekana, na kwamba kodi ya miezi mipya italipwa kando bila kuchanganywa na deni la nyuma. Sainini nyote, na mashahidi wawili, na kila mmoja aondoke na nakala yake.

Hatua ya nne: notisi

Mazungumzo yakishindikana, mwenye fremu anatoa notisi ya maandishi. Ushauri wangu ni kutoa siku zisizopungua 30, na kama mkataba unataja muda mrefu zaidi, fuata mkataba. Notisi isiwe na matusi, wala vitisho vya polisi, wala historia ya wema wote uliomtendea mpangaji. Iwe na maneno kama haya:

"Nakufahamisha kwamba hadi tarehe 31 Desemba unadaiwa kodi ya pango ya fremu namba 4 kiasi cha Sh. 660,000, ikiwa ni salio la miezi ya Julai hadi Desemba kama inavyoonekana katika hesabu niliyoambatanisha. Nakutaka ulipe kiasi hicho ndani ya siku 30 tangu siku ya kupokea notisi hii. Usipolipa, nitausitisha mkataba wetu na kuomba amri ya Baraza ili unirudishie fremu, pamoja na malimbikizo ya kodi na fidia ya muda wote utakaoendelea kuitumia."

Ipeleke mkononi ukiwa na shahidi, mpangaji asaini nakala na kuandika tarehe. Akikataa kusaini, shahidi aandike nyuma ya nakala siku, saa na maneno aliyoyasikia. Tarehe ya kupokelewa ndiyo itakayobishaniwa baadaye, kwa hiyo ilinde.

Baada ya notisi kuisha, mwenye fremu awe mwangalifu na kila shilingi anayopokea. Akipokea kodi ya miezi mipya kimyakimya, mpangaji anaweza kusema kwamba notisi ilisamehewa na upangaji ukaendelea mwezi kwa mwezi. Fedha ikija, risiti iseme kwamba imepokelewa kupunguza deni la nyuma bila kuiondoa notisi.

Mpangaji aliyepokea notisi asikae kimya kwa hasira. Ajibu kwa maandishi ndani ya muda, aambatanishe hesabu yake, na alipe mara moja kiasi asichokibishania. Sheria ya Ardhi inaruhusu chombo kinachosikiliza shauri kumpa mpangaji nafuu na muda wa kulipa badala ya kumtoa, na aliyelipa nusu ya deni kabla ya kuitwa ana uso tofauti kabisa na aliyezima simu.

Kuhusu kufuli

Naomba mwenye fremu asome sehemu hii mara mbili. Usipige kufuli juu ya kufuli la mpangaji. Usikate umeme wala kumwondolea LUKU, usitoe bidhaa zake nje, na usimwite dalali aziuze kwa sababu tu mkataba wako una kifungu kinachosema unaweza. Nilishuhudia fremu ya pembejeo iliyofungwa kwa deni lisilofika milioni moja. Ilipofunguliwa wiki kadhaa baadaye, maji ya mvua yalikuwa yamepita chini ya mlango, mifuko ya mbolea iliyokuwa safu ya chini ilikuwa imeyeyuka na kushikamana kama jiwe, na wakulima ambao mpangaji aliwaahidi mbegu walishanunua kwingine. Sehemu ya mzigo huo ilikuwa mali kauli, yaani iliyochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye, na wenye mzigo nao walikuja kudai. Mwenye fremu aliyekuwa anadai akawa anadaiwa, na kiasi alichotakiwa kulipa kilizidi kodi ya mwaka mzima.

Mpangaji aliyefungiwa naye asivunje kufuli. Apige picha ya mlango, amwite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, aandike orodha ya bidhaa zilizomo kwa kutumia daftari lake la mauzo na risiti za ununuzi, kisha atoe taarifa polisi ili tukio liwe na namba ya kumbukumbu. Polisi hawana kazi ya kukusanya kodi ya pango wala kuamua nani akae kwenye fremu, lakini rekodi yao itasaidia. Kisha apeleke maombi ya amri ya zuio ya muda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, yakiwa na hati ya kiapo na hati ya dharura, akieleza hasa ni bidhaa gani zinaharibika na kwa siku ngapi.

Hatua ya tano: Baraza la Kata

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Hata hivyo usilipite, kwa sababu Baraza la Wilaya halitasikiliza shauri linalogusa maslahi katika ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 ziwe zimepita tangu shauri lifikishwe hapo bila kusuluhishwa. Nenda na ile hesabu ya ukurasa mmoja, omba cheti cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, tunza nakala.

Hatua ya sita: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya

Baraza hili lina mamlaka ya kusikiliza madai ya kurudishiwa jengo lenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na madai mengine yanayopimika kwa fedha yasiyozidi milioni 200. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya na Iringa. Mpangaji akiwa ameshaondoka na kinachodaiwa ni fedha peke yake, majaji wamewahi kutofautiana kama hilo ni shauri la ardhi au ni la mkataba la kawaida, kwa hiyo muulize wakili kabla ya kulipia ada. Madai ya mkataba hufungwa na ukomo wa miaka sita, na ni vizuri usiusubiri.

Maombi yako yaseme mambo matatu yaliyotenganishwa: malimbikizo ya kodi hadi siku ya kusitishwa kwa mkataba, fidia ya matumizi ya fremu kuanzia siku hiyo hadi utakapokabidhiwa, na amri ya kukabidhiwa. Wengi huomba "kodi yangu yote na gharama", wakapewa malimbikizo tu, na miezi ambayo mpangaji aliendelea kukaa wakati shauri linasikilizwa ikapotea kwa kutoombwa.

Mwenyekiti husikiliza pamoja na wazee wa baraza wasiopungua wawili, ambao hutoa maoni yao kabla ya hukumu. Lifuatilie hili hata kama una wakili. Mahakama ya Rufani, ikikaa hapahapa Mbeya katika Rufaa ya Madai Namba 287 ya mwaka 2017 iliyoihusu Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilisema kwamba maoni ya wazee lazima yatolewe mbele ya wadaawa, yaani pande zote mbili za shauri, ili wajue yalivyo na kama mwenyekiti ameyazingatia. Mashauri mengi yamefutwa kwa kasoro hiyo na watu wakaanza upya baada ya miaka ya kusubiri. Ushahidi ukifungwa, uliza kwa heshima ni tarehe ipi maoni ya wazee yatasomwa, uwepo siku hiyo, na uandike kwenye daftari lako kwamba yalisomwa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wanapatikana katika wilaya nyingi, na kwa kazi ya kupanga vielelezo ni msaada mkubwa.

Hatua ya saba: hukumu, rufaa na makabidhiano

Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Lazima aombe amri ya kusimamisha. Aliyeshinda naye haendi na vijana wake kumtoa mpangaji. Anapeleka maombi ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, katika Baraza lilelile, na kazi ya kumtoa mpangaji inafanywa na dalali wa mahakama aliyeteuliwa, kwa amri iliyosainiwa.

Lakini mara nyingi, hukumu ikishasomwa, mpangaji huwa tayari kuondoka mwenyewe, na hapo makabidhiano yafanyike mchana, mlango ukiwa wazi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Pitieni fremu pamoja: rafu zipi ni za mpangaji, grili la dirisha liliwekwa na nani, mabati yale mawili bado ni mazima au yanavuja. Andikeni namba ya mita ya umeme na uniti zilizobaki, usomaji wa mita ya maji, na idadi ya funguo. Mpangaji asaini kwamba ametoa vitu vyake vyote, mwenye fremu asaini kwamba amepokea fremu tupu, na deni lililobaki liandikwe kwa tarakimu na kwa maneno kwenye karatasi hiyohiyo. Kufuli jipya la mwenye fremu lipigwe baada ya saini hizo kukauka.